Hajarudi, hakurudi: mwongozo kamili wa kuandika mazungumzo ya kushtukiza kwenye gemu za RPG

Ukimuuliza mama anayesubiri mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kama mwanawe ameshafika, akakujibu "hajarudi", bado macho yake yako majini. Akikujibu "hakurudi", ameshayaondoa. Kilichobadilika ni silabi moja: ja imekuwa ku. Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu ndogo ya RPG hapa Kirumba, Mwanza, na silabi hiyo imetufundisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote.

Ninaposema RPG nina maana ya zile gemu ambazo mchezaji huvaa uhusika wa mtu, huzunguka, huongea na watu, huchagua la kujibu, na hadithi ikaenda naye kufuatana na alivyochagua. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika mstari mmoja wa mazungumzo ambao mchezaji ataukumbuka hata akishasahau mapanga yote aliyookota njiani. Huhitaji studio. Sisi tuna kompyuta moja ya mkono wa pili na madaftari.

Jua kwanza unatafuta mshtuko gani

Wengi wakisikia "mshtuko" wanafikiria siri kubwa inayofichuliwa mwishoni: kumbe mwalimu wako ndiye adui, kumbe wewe ndiye mwovu wa zamani aliyepoteza kumbukumbu. Siri za namna hiyo zinafaa, lakini zinamshtua kila mchezaji kwa namna ile ile, na akishasimuliwa na rafiki yake zimekwisha. Mshtuko unaokaa ni ule unaomgusa mchezaji kwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe.

Chukua Chrono Trigger, gemu ya Square ya mwaka 1995. Mwanzoni uko kwenye sherehe ya mji. Unazunguka, unacheza michezo, unagongana na binti na kito chake cha shingoni kinaanguka. Kuna mtoto aliyepotelewa na paka. Juu ya meza kuna chakula cha mzee mmoja. Ukibonyeza kitufe unakila, na hakuna anayekusemesha. Unaendelea na safari na kusahau. Baadaye unafikishwa mahakamani kwa kosa la kumteka binti wa mfalme, na mashahidi wanaanza kuitwa. Ulikula chakula cha mzee wa watu? Ulimrudishia mtoto paka wake? Mlipogongana, ulimkimbilia binti kwanza au ulikimbilia kito? Majibu unayo wewe, na mahakama pia inayo. Mara ya kwanza nilipolifikia tukio hilo nilitoa mikono kwenye kibodi nikakaa kimya, kwa sababu chakula nilikila.

Undertale ya Toby Fox, ya mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi. Mchezaji akimuua Toriel, mama anayemtunza mwanzoni mwa safari, akajuta, akairudisha gemu pale alipohifadhi na safari hii akamwacha hai, ua liitwalo Flowey linamwambia kwamba linajua alichofanya. Mchezaji alidhani kurudi nyuma kunafuta dhambi. Kumbe kuna mtu alikuwa anaandika.

Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 ina uganga wa kuongea na maiti na kumuuliza maswali. Maiti uliyemuua wewe mwenyewe anakataa kukujibu, mpaka ujibadilishe sura. Katika Fallout 2, ya 1998, ukitengeneza mhusika mwenye akili ndogo sana, karibu kila mtu anashindwa kuelewana naye. Lakini akikutana na Torr, ambaye naye ni wa akili kama hiyo, mazungumzo yao yanageuka kuwa ya lugha ya kisomi, kwa kuwa wao wawili wanaelewana vizuri kabisa. Na hata mwaka 1986, wakati boksi la maneno, yaani kile kisanduku cha kwenye skrini chenye maneno ya mhusika, lilibeba sentensi chache tu, adui mkuu wa Dragon Quest kabla ya kupigana anakuuliza kama utakubali kugawana naye dunia. Ukikubali, safari yako inaishia hapo.

Zitazame zote kwa pamoja utaona jambo moja: gemu ilikuwa inakuangalia wakati wewe ulidhani haikuangalii. Hicho ndicho tutakachojenga.

Hatua ya kwanza: chagua tendo dogo

Tendo kubwa halifai. Mchezaji akiua mtu au akiokoa kijiji, anajua ataulizwa, na ameshaandaa jibu. Tafuta tendo analolifanya huku akiwaza jambo jingine.

Gemu yetu iko kwenye mwalo wa kubuni katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, enzi za karabai, kabla taa za betri na sola hazijachukua nafasi. Mchezaji ni kijana aliyekuja kutafuta kazi kwenye mitumbwi ya dagaa. Siku za mwanzo hana hela, hata ya kula. Anapotembea ufukweni, kati ya yale mawe makubwa yaliyobebana kama yalivyo mawe yetu huku, anaona karabai bovu, kioo kimepasuka. Akiliokota, maelezo yanasema: "Karabai bovu. Mpini wake umefungwa uzi mwekundu." Mwaloni kuna fundi anayenunua vitu vibovu kwa ajili ya vipuri. Analinunua kwa shilingi 500. Karibu kila mchezaji analiuza.

Tendo lako lipime kwa mambo matatu. Liwe na sababu ya kweli. Shilingi 500 kwa mtu mwenye njaa ni sababu. Lisipigiwe debe: hakuna muziki unaobadilika, hakuna mng'aro kwenye kitu, fundi hasemi "una uhakika?". Na la tatu, ambalo wengi wanalikosa, mchezaji awe alipewa nafasi ya kuona. Uzi mwekundu uko kwenye picha na uko kwenye maelezo. Usipoliweka hilo wazi umemtega, na mtu aliyetegwa anakasirika badala ya kuguswa.

Nikiwa hapo hapo niseme neno kuhusu misiba. Ziwa letu limezika watu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 jirani kabisa na Mwanza, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara. Kuna nyumba nyingi hapa ambazo tarehe hizo si historia. Sisi tuliamua gemu yetu isichukue meli yoyote ya kweli wala tarehe yoyote ya kweli ili kumshtua mtu. Mtumbwi wa kubuni wa mtu wa kubuni unatosha, na anayecheza akiwa na jeraha lake atalileta mwenyewe bila wewe kulichokonoa.

Hatua ya pili: nani anaweza kujua?

Chora mistari mitatu kwenye daftari: tendo, aliyeona au atakayesikia, na siku habari itakapomfikia. Fanya hivyo kwa kila tendo dogo ulilolichagua, kabla hujaandika neno lolote la mazungumzo.

Kwetu ilikuwa hivi. Tendo: kuuza karabai. Aliyeona: fundi peke yake. Fundi analipanga mbele ya kibanda na kuliuza tena. Siku ya tatu, Bibi Kabula muuza uji anapita pale na kulinunua kwa shilingi 1,000, kwa sababu uzi ule aliufunga yeye. Karabai ni la mwanawe, Masanja, aliyetoka usiku kuvua.

Angalia kitu hiki vizuri: Bibi Kabula hajui kwamba aliyeliuza ni wewe. Hatakulaumu. Anakusimulia kwa sababu wewe ni mteja wake wa uji na unamsalimia kila asubuhi. Anayejua yote ni mchezaji peke yake. Tulijaribu kwanza njia nyingine, Bibi anamwambia mchezaji usoni "kumbe wewe ndiye uliyeuza", na tukio likageuka kuwa kesi. Mchezaji alianza kujitetea kichwani. Tulipomwondolea Bibi ujuzi huo, mchezaji hakuwa na wa kumjibu.

Kwa hiyo ukishapata anayejua, jiuliza tena: je, nguvu inaongezeka akijua zaidi, au akijua pungufu?

Hatua ya tatu: jenga mazoea kwa salamu

Hapa ndipo Kiswahili kinakupa mtaji ambao waandishi wengi wa lugha nyingine wanautafuta kwa shida. Kwetu mazungumzo hayaanzi bila salamu, na salamu ina mpangilio ambao kila mtu anaubeba tangu utotoni. Huhitaji kumfundisha mchezaji. "Shikamoo" inajibiwa "marahaba", na anayejibu ni mkubwa. Mpangilio ukivunjika, mwili wa msomaji unajua kabla ya kichwa.

Kila asubuhi ya gemu, mchezaji akimwendea Bibi Kabula, wanasema hivi:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Masanja hajarudi. Kunywa uji."

Maneno hayo hayabadiliki. Mara ya kwanza mchezaji anayasoma. Mara ya pili anayatambua. Mara ya nne anabonyeza kitufe haraka ili apate uji wake, na hapo ndipo unapomtaka. Usiwe na haraka ya kuvunja. Kwa uzoefu wetu, chini ya mara nne mchezaji hajazoea. Zaidi ya mara nane ameanza kumkwepa mhusika. Ili asichoke, badilisha vitu vya pembeni: usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa sababu mwanga wa mwezi unashindana na taa zao, kwa hiyo asubuhi yake kuna wanaume wamekaa wakishona nyavu karibu na chungu cha uji. Zikirudi siku za giza, mabenchi yako matupu. Salamu inabaki ile ile katikati ya hayo yote.

Salamu yenyewe pia inaweza kuwa ndiyo mshtuko. Tuna mzee mwenye mitumbwi sita ambaye gemu nzima anajibu "marahaba" bila kuinua macho. Mambo yanamwendea vibaya, mitumbwi inauzwa mmoja mmoja, na mchezaji akiwa mjanja ananunua wa mwisho. Asubuhi inayofuata mzee anakuja ufukweni kuomba kazi. Mchezaji anafungua mazungumzo, na kabla hajachagua cha kusema, boksi la mzee linatangulia:

"Shikamoo."

Hakuna kingine. Chini yake mchezaji ana machaguo mawili: "Marahaba" na "Hapana, mzee wangu. Shikamoo." Nimewatazama watu wakikaa hapo muda mrefu kuliko kwenye pambano lolote.

Kama wahusika wako ni wa upande wetu wa ziwa, tumia na salamu za nyumbani. "Mwangaluka" ya asubuhi kwa Kisukuma, au "wabeja" ya kushukuru, ikitoka kwa mhusika ambaye siku zote amekuwa akikuongelesha Kiswahili cha mgeni, inasema "sasa wewe ni wa kwetu" bila mtu kuyatamka maneno hayo. Iweke mara moja tu, na mahali panapostahili.

Hatua ya nne: mstari wenyewe

Andika rasimu mbaya kwanza, kisha toa. Nitaonyesha zetu jinsi zilivyokuwa.

Ya kwanza: "Ee Mungu wangu! Nimegundua kwamba mwanangu mpendwa Masanja amefariki dunia ziwani! Moyo wangu umepasuka!"

Bibi huyu anaongea kama tamthilia ya redio. Hakuna mtu wa mwaloni aliyebeba jambo hilo wiki mbili kisha akalitamka hivyo mbele ya mteja. Tena ametaja hisia zake zote, kwa hiyo mchezaji hana kazi iliyobaki.

Ya pili: "Nimelikuta karabai la Masanja kwa fundi. Sasa najua mwanangu amekufa."

Hii ni nzuri zaidi, kwa kuwa kuna kitu cha kushikika: karabai, fundi. Lakini sentensi ya pili inamweleza mchezaji alichokwisha kukielewa kwenye ya kwanza. Ukiona sentensi inayoanza na "sasa najua" au "hii ina maana kwamba", ikate.

Ya tatu, iliyobaki hadi leo, imegawanywa kwenye maboksi matano, moja moja:

"Marahaba, mjukuu wangu."
"Fundi kaniuzia karabai. Shilingi elfu moja."
"Uzi huu nilimfungia mimi."
"Masanja hakurudi."
"Kunywa uji, utapoa."

Boksi la pili linataja bei, na bei inafanya kazi kubwa. Mchezaji anakumbuka aliuza kwa 500. Kichwa chake kinafanya hesabu yenyewe, na kwa hesabu hiyo ameshaingia ndani ya tukio. Boksi la tatu halisemi "karabai la Masanja". Linasema uzi, na "nilimfungia" ina mtu ndani yake kupitia ile -m- ndogo. La nne ni salamu ya kila siku iliyobadilishwa silabi moja. La tano ni uji, kwa sababu Bibi ana kazi, na mtu mwenye huzuni hapa kwetu bado anamkaribisha mgeni.

Kanuni ninayoifuata: mhusika ataje kitu, mchezaji ataje hisia. Na mstari wa mshtuko uwe mfupi kuliko mistari inayouzunguka. Ukihisi unahitaji alama ya mshangao, maneno yenyewe bado hayajakaa.

Hatua ya tano: lugha yenyewe isikuangushe

Gemu nyingi hupachika jina la kitu ndani ya sentensi: "Ulichukua [kitu] yangu." Kwa Kiswahili hilo linavunjika papo hapo, kwa sababu ni kisu changu, wavu wangu, kasia langu, nyavu zangu. Mchezaji akisoma "ulichukua kisu yangu" wakati ambapo roho yake inapaswa kutetemeka, kazi yote imekwenda na maji. Dawa ni kuhifadhi kila kitu pamoja na kimilikishi chake, yaani programu isikumbuke "kisu" bali "kisu changu", au kuandika mstari kamili kwa kila kitu. Sisi tunaandika mstari kamili. Ni kazi zaidi, lakini kila mstari unapata mwendo wake.

Kwa upande mwingine, kiambishi a- hakisemi ni mwanamume au mwanamke. Ukiandika "nahodha alilala hapa, akaondoka alfajiri, akaacha hela ya mtungi", wachezaji wengi watamchora mwanamume wenyewe. Wakikutana na nahodha na kumbe ni mama mtu mzima anayesuka nywele za mjukuu, hujawadanganya popote.

Jambo la mwisho kwenye lugha: vitenzi vyetu ni virefu. Neno kama "nisingekutambulisha" linaweza kula nusu ya mstari wa boksi. Pima boksi lako kwa neno refu kuliko yote uliyonayo, siyo kwa neno la wastani, na hakikisha programu haikati neno katikati.

Hatua ya sita: swichi na mpangilio wake

Kwa zana, chagua ile utakayoweza kuimaliza. Twine, iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na inatoa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari, hata cha simu. Kwa kujifunza mazungumzo peke yake sijaona nyepesi kuizidi. Ink ni lugha ya kuandikia mazungumzo ya studio ya inkle ya Uingereza, walioiachia bure mwaka 2016. Ni nzuri sana kwa kukumbuka machaguo. Godot ni ya bure na inabeba gemu nzima, picha na sauti. RPG Maker inauzwa, lakini mfumo wake wa swichi unaeleweka hata na mtu asiyejua kuandika programu.

Chochote utakachotumia, ndani yake utafanya jambo lile lile. Swichi ni kumbukumbu ya ndiyo au hapana: karabai limeuzwa? Bibi ameshalinunua? Ameshalisema? Kihesabio ni kumbukumbu ya namba: ameamkiwa mara ngapi? Kisha unapanga mistari ya Bibi, na programu inasoma kutoka juu kwenda chini, inatumia wa kwanza uliotimiza masharti:

Kama ameshalisema, toa salamu ya baada.
Kama amenunua karabai, na ameamkiwa mara nne au zaidi, toa mstari wa karabai, kisha washa swichi ya "ameshalisema".
Kama ni asubuhi ya mbalamwezi, toa salamu ya kawaida na wavuvi wakiwapo.
Vinginevyo, toa salamu ya kawaida.

Kosa la kawaida ni kuweka salamu ya kawaida juu. Haina masharti, kwa hiyo inashinda kila mara na mstari wako mzuri hautatokea hata siku moja. Ukiwa na wahusika wengi na mistari mingi, kupanga kwa mkono kunachosha. Elan Ruskin wa studio ya gemu ya Valve alieleza mwaka 2012, kwenye mkutano wa watengenezaji gemu wa GDC, njia wanayotumia wao: kila mstari unabeba orodha ya masharti yake, na kati ya mistari iliyotimia, wenye masharti mengi zaidi ndio unaosemwa. Mstari maalumu unajipandisha wenyewe. Wazo hilo unaweza kulitengeneza kwa kurasa chache za programu, na unaweza kuongeza mhusika mpya bila kugusa wa zamani.

Ukitaka kumbukumbu inayovuka hata mchezaji akianza upya, kama ile ya Flowey, iandike kwenye faili tofauti na lile la kuhifadhia safari. Ni mbinu nzito; mimi nisingeitumia zaidi ya mara moja kwenye gemu moja.

Na mshtuko mmoja usiurudie mdomoni mwa watu wengi. Walinzi wa Skyrim, ya mwaka 2011, walikuwa na mstari mmoja mzuri kuhusu mshale uliowapiga gotini. Kwa kuwa walinzi wengi waliusema, ukawa utani wa dunia nzima. Mlinzi mmoja tu, mlangoni kwa mji mmoja, angekuwa mtu.

Hatua ya saba: kimya

Hii ni fupi. Kabla ya boksi la "Masanja hakurudi" tunazuia kitufe kwa sekunde moja na nusu. Muziki haubadiliki, unakoma, na inabaki sauti ya mawimbi iliyokuwapo siku zote chini yake. Tulijaribu sekunde tatu, mchezaji akadhani gemu imekwama. Maandishi ya boksi hilo hayatoki herufi moja moja kama mengine. Yanatokea yote kwa mara moja.

Hatua ya nane: mkalishe mtu na unyamaze

Usimwambie mjaribu kuna nini. Usikae mbele yake. Kaa nyuma, shika daftari, andika mikono yake inafanya nini.

Mjaribu wetu wa kwanza alikuwa kijana wa jirani, mwanafunzi, mpenzi wa gemu za mpira. Tulimkalisha barazani jioni moja, harufu ya dagaa ikipanda kutoka mwaloni. Karabai aliliuza ndani ya dakika kumi, bila kusoma maelezo. Alimwamkia Bibi kila siku kwa sababu uji unaongeza nguvu. Kufikia siku ya tano ya gemu alikuwa anabonyeza salamu bila kutazama, anaongea na mwenzake kuhusu mechi.

Kisha kitufe kikakataa. Akageuka kutazama skrini. "Masanja hakurudi" ikatokea, naye akaweka kidole juu ya kioo, chini kabisa ya lile neno, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akauliza, "Kaka, hivi hapa narudi nyuma vipi?" Sikumjibu. Akakaa. Halafu akasema taratibu, "Mimi ndiye nililiuza." Akaondoka kwa Bibi, akaenda hadi kwa fundi, akafungua orodha ya vitu kuangalia kama karabai bado lipo. Halipo. Akatembea tena mwalo mzima kurudi kwa Bibi, akamsalimia.

Na Bibi akasema yote upya. Fundi kaniuzia karabai, shilingi elfu moja. Tulikuwa tumesahau kuwasha swichi ya "ameshalisema". Uso wa yule kijana ulifunga. Mtu aliyekuwa mbele yake alirudi kuwa maandishi. Usiku ule tulirekebisha swichi kwa dakika mbili, lakini kuna jambo lililotuchukua siku tatu, kwa kuwa hatukuwa tumelifikiria kabisa: mchezaji alirudi kumsalimia, na sisi hatukuwa na la kumpa.

Hatua ya mwisho: andika salamu ya baada

Mchezaji aliyeguswa anarudi. Anataka kujua mhusika yuko vipi kesho yake. Ukimwachia salamu ya zamani, umemdhihaki. Ukimwandikia hotuba mpya, umemaliza nguvu ya ile ya kwanza. Tuliandika salamu nyingi, za kulia, za kumshukuru Mungu, za kumsimulia Masanja alivyokuwa mdogo, tukazifuta zote. Mwishowe tulichukua salamu yake ya kila siku, tukaondoa sentensi ya katikati, tukaacha pengo lake:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Kunywa uji."